Chakula kikavu au cha mkebe: kilebu mteuzi alishwe kipi hapa Mombasa?

Shaba, mtoto wa mbwa, aliletwa kwetu Tudor mwezi wa Februari, akiwa na wiki tisa, mwekundu kama jina lake, tumbo la mviringo na masikio ambayo hayajaamua yasimame au yalale. Jioni ya kwanza nilimwekea punje za chakula kikavu. Akalinusa bakuli, akaokota punje moja kwa ncha ya meno, akaitema juu ya vigae, akalala kando yake. Kesho yake nikanunua mkebe. Akalilamba bakuli hadi likang'aa. Siku ya nne mkebe ule ule ukamchosha, nikanunua wa ladha nyingine, kisha nikajaribu kikavu cha aina nyingine. Kufikia mwisho wa wiki alikuwa anakula akijisikia, kinyesi chake maji matupu, na pesa za chakula cha mwezi mzima zimekwisha.

Tangu siku hizo nimevipima vyakula hivi viwili kwa mzani wa jikoni, kwa joto la hapa na kwa mfuko wangu. Haya nayaandikia mtu aliyesimama mbele ya rafu ya duka, mkebe mkono wa kulia, pakiti ya kikavu mkono wa kushoto, na nyumbani ana mtoto wa mbwa anayegeuza shingo kila akiwekewa chakula.

Neno langu nalitanguliza: kwa vilebu wengi wa mji huu, kikavu kiwe ndio ugali na mkebe uwe kitoweo. Wapo ambao mpango huo hauwafai, nao nitawafikia.

## Kwanza ujue kama ni uteuzi au ni ugonjwa

Kilebu mteuzi hucheza, hukojoa, hukimbia na kandambili yako mdomoni, akifika kwenye bakuli ndipo huringa. Kilebu aliyejikunja pembeni, anayetapika au kuharisha damu, aliyepauka ufizi au anayechemka mwili, huyo hana habari ya ladha. Usimtafutie mkebe, mtafutie daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Pwani yetu ina kupe mwaka mzima, na kupe huambukiza homa zinazomaliza damu. Minyoo nayo hujaza tumbo huku mbavu zikihesabika. Kubwa kuliko yote ni parvo, virusi vinavyoweza kumuua kilebu ndani ya siku chache, na mara nyingi dalili ya kwanza ni hiyo hiyo ya kukataa chakula. Chanjo yake huanza kati ya wiki ya 6 na ya 8, hurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka kilebu atimize wiki 16.

Shaba alikuwa na minyoo. Daktari alimpa dawa, na siku mbili baadaye akaanza kula punje alizokuwa akizitema. Ningeanzia kwa daktari, ile mikebe yote nisingeinunua.

Na wale wa mbegu ndogo, wa kubebwa kiganjani, wasiachwe na njaa kwa kisingizio cha kuwafunza adabu. Akiba yao ya sukari mwilini ni ndogo mno. Wakikaa saa nyingi bila kula huanza kutetemeka, kuyumba, hata kuzirai. Ukiona hivyo mpake asali kidogo kwenye ufizi na uondoke naye kwenda kwa daktari.

## Tofauti ya kweli ni maji

Chakula cha mkebe, robo tatu yake au zaidi ni maji: kwa kawaida asilimia 75 hadi 80. Kikavu kina maji asilimia 10 hivi. Karibu kila mabishano ya lebo yanaishia hapo. Mtu huona mkebe umeandikwa protini asilimia 8 na pakiti ya kikavu asilimia 28, akakata shauri kwamba mkebe hauna kitu. Ondoa maji kwanza, ndipo ulinganishe. Mkebe wenye maji asilimia 78 umebaki na asilimia 22 za chakula chenyewe. Gawa 8 kwa 22, unapata protini asilimia 36. Kikavu kimebaki na 90. Gawa 28 kwa 90, unapata 31. Mkebe ulioonekana dhaifu ndio uliozidi.

Kipimo cha chini cha protini kwa mbwa anayekua, kwa mujibu wa AAFCO, chama cha Marekani cha maafisa wanaodhibiti vyakula vya wanyama, ni asilimia 22.5 baada ya kuondoa maji. Kwa mbwa mzima ni 18. Ndiyo sababu chakula cha mbwa wakubwa hakimtoshi kilebu, hata kama ndicho cha bei nafuu dukani. Lebo, iwe ya mkebe au ya pakiti, iseme mambo mawili: kwamba ni mlo kamili, na kwamba ni wa vilebu au wa mbwa wa umri wowote. Mikebe mingi yenye vipande vya nyama vinono ni kiongezo tu, haina madini ya kutosha kumkuza mtoto. Kilebu akilishwa hiyo peke yake kwa miezi, mifupa ndiyo itakayolipa.

Maji hayo ya mkebe yana faida yake hapa kwetu. Februari na Machi, joto likifika nyuzi 32 au 33, kilebu anayekula mkebe ameshakunywa nusu ya maji yake ndani ya chakula. Wa kikavu lazima awe na bakuli la maji kivulini saa zote, yabadilishwe mara kadhaa kwa siku, maana yakipata joto huyakataa.

## Hesabu ya tumbo na hesabu ya mfuko

Kwa sababu ya maji hayo, gramu mia za mkebe hutoa kilokalori kama 100, na gramu mia za kikavu hutoa 350 hadi 400. Madaktari wa mifugo wana fomula ya kukadiria mahitaji ya kilebu kwa uzito wake. Kwa kilebu wa kilo 4 aliye chini ya miezi minne, jibu ni karibu kilokalori 590 kwa siku. Ukimlisha kikavu chenye 360 kwa gramu mia, atahitaji gramu 165, ambazo hazijai vikombe viwili vya chai. Ukimlisha mkebe mtupu, atahitaji gramu 590, yaani mkebe mzima wa gramu 400 na karibu nusu ya mwingine. Kila siku.

Bei hupanda na kushuka, kwa hiyo chukua njia ya hesabu, bei utaziweka mwenyewe. Tuseme kikavu cha vilebu umekipata kwa shilingi 450 kilo, na mkebe wa gramu 400 kwa shilingi 300. Kikavu peke yake kitakugharimu kama shilingi 74 kwa siku. Mkebe peke yake utapita shilingi 440. Ukichanganya, kikavu gramu 125 na mkebe gramu 150, utatumia karibu shilingi 169, na nguvu anayopata ni ile ile. Hizi ni bei za mfano. Nenda na karatasi dukani uandike za kweli.

Mchanganyiko huo una uzuri mwingine nilioutambua baada ya wiki kadhaa. Gramu 150 kwa siku zinaumaliza mkebe wa gramu 400 kabla ya siku tatu kutimia. Na siku tatu ndio muda ninaouamini mkebe uliofunguliwa na kuwekwa ndani ya friji.

## Unyevu, stima na kunguru

Ushauri mwingi tunaousoma umetoka kwenye nchi zenye baridi, na hapa Mombasa unakwama. Kila chakula kina namna yake ya kuharibika, na hewa ya bahari inavisaidia vyote viwili kuharibika upesi.

Kikavu huonekana kama kitu kisichoweza kuoza. Lakini kila punje, baada ya kupikwa na kukaushwa kiwandani, hupakwa mafuta kwa nje ili inukie. Mafuta hayo yakikutana na hewa na joto huharibika. Ukitaka kujua, ingiza pua ndani ya mfuko: chakula kizuri hunukia nyama au nafaka iliyokaangwa, kilichoharibika hunuka kama mafuta ya viazi karai yaliyorudiwa wiki nzima. Kilebu ananusa kuliko wewe mara nyingi mno. Unayemwita mteuzi huenda amegundua mapema kuliko wewe kwamba chakula kimekufa.

Halafu kuna unyevu. Masika ya Aprili na Mei, punje zilizoachwa wazi hupoteza mlio. Ukizivunja hazisemi kitu, zinakunjika. Chakula kilichofika hapo hualika kuvu, na kuvu huleta sumukuvu, ile aflatoksini tunayoijua kutokana na mahindi. Mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu 125 nchini mwetu, wengi wao Ukambani, kwa mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu. Mahindi ni kiungo cha vyakula vingi vya mbwa, na ini la mbwa huumizwa vibaya na sumu hiyo.

Kwa hiyo sinunui tena kikavu cha kupimiwa. Duka moja la dawa za mifugo lilikuwa likinipimia kilo kutoka kwenye gunia lililofunguliwa, karibu na mlango, jua la mchana likipiga. Hakuna lebo, hakuna tarehe, na siku moja nilipomimina nyumbani nikaona wadudu wadogo wa kahawia wakitembea kati ya punje. Mwenye duka aliniambia wadudu hao hawamdhuru mbwa. Pengine, lakini walinionyesha gunia limekaa wazi muda gani. Sasa nanunua mfuko mdogo uliofungwa, wa kuisha ndani ya mwezi. Nakiacha chakula ndani ya mfuko wake, naukunja mdomo, nautumbukiza wote ndani ya ndoo yenye kifuniko cha kubana, na ndoo naiweka juu ya kigoda mbali na jiko. Ukimimina punje moja kwa moja ndani ya ndoo, mafuta hushika kwenye plastiki, na chakula cha mwezi ujao kitaanza kuharibika kwa mafuta ya mwezi huu.

Mkebe hauna shida hiyo ukiwa umefungwa. Hufungwa kwanza ndipo ukapikwa ndani kwa joto la nyuzi 121 hivi, ndiyo maana unaweza kukaa miaka bila kuharibika. Saa yake inaanza kuhesabu ukiufungua. Kinachobaki kihamishie kwenye chombo chenye kifuniko na ukiweke kwenye friji mara moja. Na hapo ndipo lipo suala la stima. Ikipotea saa mbili tatu na mlango wa friji haukufunguliwa, chakula hakitadhurika. Ikipotea kuanzia jioni hadi asubuhi, kitupe, hata kama hakijaanza kunuka. Asiye na friji asinunue mkebe wa gramu 400 kabisa. Atafute pakiti ndogo za gramu 85 au 100, za kula mara moja zikaisha. Kwa gramu ni ghali zaidi, lakini hakuna cha kutupa.

Na bakuli lenyewe. Chakula cha mkebe, au kikavu kilicholowekwa, nakipa dakika 15 ndani ya nyumba. Nje hakipewi hata tano. Siku moja niliweka bakuli la Shaba uani, nikageuka kuchota maji kwenye mtungi. Niliporudi kunguru watatu walikuwa ukingoni mwa bakuli, wa nne akimvuta Shaba mkia ili ageuke. Akageuka. Wale watatu wakaondoka na vipande vya nyama, yeye akabaki analia na bakuli la mchuzi. Hawa kunguru wa Bara Hindi kila mtu wa Mombasa anawajua. Mwaka 2024 shirika la wanyamapori, KWS, lilitangaza mpango wa kuangamiza milioni moja kati yao. Mpaka hapo watakapopungua, kilebu na ale ndani. Kilebu anayenyang'anywa chakula hujifunza kuliogopa bakuli, na ukimtazama utasema hapendi chakula. Kikavu kinawavutia kunguru kidogo, ila chungu hukiandama. Weka bakuli ndani ya sahani pana yenye maji, chungu hawatavuka.

## Pua ndiyo inayochagua

Kwa nini basi vilebu hukimbilia mkebe? Ni harufu. Chakula chenye maji na mafuta laini hutoa harufu nyingi, na mbwa huanza kula kwa pua kabla ya ulimi. Habari njema ni kwamba unaweza kukipa kikavu harufu hiyo bila kununua mkebe. Mimina maji ya uvuguvugu juu ya punje, yafikie nusu ya kimo chake, funika, subiri dakika kumi. Maji yasiwe ya moto wa chai. Yawe ya joto la mwili wa mbwa, nyuzi 38 hivi, yaani ukitia kidole usihisi moto wala baridi. Punje huvimba, mafuta huamka, jikoni kote kukanukia. Mkebe uliotoka kwenye friji nao ni hivyo hivyo. Ukiwa baridi haunuki, na kilebu huutazama kama matope. Changanya na kijiko cha maji ya moto kwanza.

Kitu kingine kilichonifungua macho ni saa. Nilikuwa nikimlisha Shaba saa saba mchana, hewa imesimama, yeye ametandaza tumbo kwenye vigae akihema. Hakuna anayetaka mlo mzito saa hiyo, hata mimi. Nikahamisha milo: mkubwa alfajiri baada ya adhana, mwingine baada ya magharibi upepo ukishaanza kupita, na kati yao milo midogo miwili chini ya feni. Kilebu wa chini ya miezi mitatu hula mara nne kwa siku, kisha mara tatu mpaka miezi sita, kisha mara mbili. Nilipobadilisha saa tu, bila kubadilisha chakula, Shaba alianza kumaliza bakuli la alfajiri.

Na kila mlo una dakika kumi na tano tu. Asipokula, ondoa bakuli bila maneno, bila kumbembeleza kwa mkono, mpaka mlo ujao. Nilivyombadilishia vyakula wiki ile ya kwanza nilimfunza kwamba akikataa cha leo, kesho kinakuja kizuri zaidi. Wahenga walisema mteuzi haishi tamaa, na kilebu huyajifunza hayo kwa siku tatu tu. Utaratibu huu ni wa kilebu mwenye afya na mwenye mwili. Wale wadogo wa kiganjani niliowataja wasifanyiwe hivyo.

## Meno

Wengi huambiwa kikavu husafisha meno. Punje ya kawaida huvunjika jino likiigusa tu, haisugui kitu. Ni zile zilizotengenezwa mahsusi kwa meno ndizo zenye faida. Usichague kikavu kwa sababu hiyo. Lakini kumbuka kwamba kilebu ana meno 28 ya utoto, huanza kung'oka akikaribia miezi minne, na kufikia miezi saba ana 42 ya utu uzima. Nilikuta jino moja la Shaba kwenye mkeka, dogo kama punje ya mchele, lina damu kidogo kwenye mzizi. Wiki hiyo alikataa punje ngumu kabisa. Nilizilowesha zaidi, na baada ya siku nane akarudi kuzivunja kwa kelele.

## Bakuli katika nyumba yenye watu

Jambo hili halimo kwenye lebo yoyote, lakini Mombasa lazima lizungumzwe. Waislamu wengi wa pwani ni wa madhehebu ya Shafii, na kwao mate ya mbwa ni najisi nzito: chombo alichokiramba huoshwa mara saba, moja ikiwa kwa udongo. Kama anayekusaidia kazi za nyumbani au unayepanga naye ua mmoja anafuata hilo, chakula unachochagua kinamgusa. Bakuli la mkebe hunata, lazima lioshwe kwa kusugua kila mlo. La kikavu husuuzwa tu. Nyumbani kwetu nililimaliza kwa kununua bakuli la chuma lisiloingia jikoni, brashi yake na sabuni yake, vyote chini ya mfereji wa nje, na kuliosha ni kazi yangu, simwachii dada wa kazi. Pia soma viungo: mikebe mingi ina nyama ya nguruwe, mara nyingine imefichwa ndani ya maneno ya jumla kama nyama na mazao ya wanyama. Usimpe mtu afungue mkebe kwa mikono yake kabla ya kujua kilichomo. Ni heshima ndogo inayoleta amani kubwa uani.

## Na pilau iliyobaki?

Bibi wa jirani, ambaye namheshimu sana, aliniuliza, "Mwanangu, mbwa wa zamani si walikula makombo wakaishi?" Nikamjibu, "Shikamoo bibi, waliishi, lakini waliokufa wadogo hatukuwahesabu." Akacheka, akanipa sahani ya pilau, nikaila mimi. Pilau, biriani na mchuzi wetu vimejaa vitunguu maji na thomu, na vyote viwili huvunja chembe nyekundu za damu ya mbwa, viwe vibichi au vimepikwa. Tui zito humwendesha tumbo. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka vipande vikali kama sindano. Ukitaka kumtamanisha kilebu kwa kitu cha nyumbani, chemsha kuku bila chumvi wala kitunguu umchambue, au dagaa wasio na chumvi, na kiasi chake kisizidi sehemu moja ya kumi ya chakula cha siku. Ukizidisha hapo umeuvunja ule mlo kamili uliolipia.

## Basi umchukulie kipi

Kama unashinda kazini na hakuna mtu nyumbani mchana, chukua kikavu. Ndicho pekee kinachoweza kukaa bakulini saa kadhaa bila kugeuka sumu. Mlo wa asubuhi na wa jioni ndio ulowekwe mbele ya macho yako.

Kilebu wa mbegu ndogo asiyefika kilo 2, mwenye mdomo mdogo na hamu ndogo, mpe mkebe kamili wa vilebu uwe sehemu kubwa, nusu au zaidi, mara nne au tano kwa siku. Kwa mwili ule gharama haitakuumiza, na usalama wake ni muhimu kuliko senti.

Kilebu anayetoka kuugua, au aliyeng'oka meno mengi kwa pamoja, mpe mkebe kwa muda kisha umrudishe polepole.

Wa mbegu kubwa, kama hawa mbwa wa Kijerumani wanaofugwa Nyali na Kizingo kulinda nyumba, chukua kikavu kilichoandikwa ni cha vilebu wa mbegu kubwa. Kalsiamu yake imepimwa. Usimwongezee unga wa madini ya mifupa wanaouza madukani ya mifugo. Kwa kilebu wa aina hiyo kalsiamu ikizidi hupinda mifupa badala ya kuikaza.

Waliobaki, yaani mteuzi wa kawaida mwenye afya kama Shaba, wape mchanganyiko: robo tatu ya nguvu kutoka kwenye kikavu, robo kutoka kwenye mkebe. Usiuweke mkebe juu kama pambo, atalamba juu na kuacha chini. Uponde kwa uma na maji ya uvuguvugu mpaka kila punje ipate kupakwa. Na ukihama kutoka chakula kimoja kwenda kingine, chukua siku saba hadi kumi: robo ya kipya siku mbili tatu, nusu siku mbili tatu, robo tatu, kisha chote. Kinyesi ndicho kitakachokuambia kama unakwenda mbio. Kikilainika, rudi hatua moja nyuma na usubiri.

Mpime kila Jumamosi. Mimi husimama kwenye mizani nikiwa nimembeba, kisha peke yangu, natoa. Ukipapasa mbavu uzisikie kwa urahisi chini ya ngozi lakini usizione ukiwa umesimama mbali. Uzito ukipanda wiki hata wiki, kilebu huyo anakula vya kutosha hata kama bakuli halikuisha.

Alipotimiza umri wa miezi sita nilianza kumpunguzia Shaba mkebe, kijiko kimoja kila siku mbili. Sasa ana miezi saba na kilo 14, anakula mara mbili, gramu 140 za kikavu kila mlo na maji ya uvuguvugu tu. Asubuhi ya leo alimaliza kabla sijafunika ndoo, akalisukuma bakuli tupu kwa pua, likiburuzika juu ya vigae, mpaka chini ya mfereji wa nje.